Lete Mguu, Baba

Kuapa ni dhambi, kwa hiyo msimulizi wa habari hii haapi kwa mbingu wala kwa nchi. Anaapa kwa jogoo wake. Ni jogoo mwekundu mwenye sauti ya mzee wa kanisa, na kila mtu kuanzia Keumbu hadi Ogembo anamfahamu, maana akiwika Keumbu ni watu wa Ogembo wanaoamka. Habari yenyewe ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Atakayekuta ndani yake uongo, hata wa ukubwa wa punje ya wimbi, na aje na kamba, amfunge jogoo huyo mguu aende zake naye.

Haya basi. Palikuwa na mtu mjini Kisii aliyeitwa Otiende, Mjaluo wa Kendu Bay kule ziwani, aliyekuja mjini mwaka juzi na mkewe Rispa akafungua duka la spika. Aliuza spika, maiki na amplifaya, na nyingine alizikodisha kwa makanisa. Katika mji ambao makanisa yanakaribia kushinda vibanda vya ndizi kwa wingi, mtu wa namna hiyo halali njaa. Spika zake hazikuwa za mchezo. Siku aliyojaribu mbili mpya mbele ya duka, mzigo wa ndizi mbichi uliokuwa juu ya lori uliiva kabla lori halijawasha injini. Waliokuwapo walikula.

Otiende alikuwa Mkristo wa kweli kwa kila alama inayoonekana. Hakukosa Sabato wala makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka. Zaka alitoa. Alijua nyimbo zote, hata beti za katikati ambazo watu huzipita kwa kukohoa. Lakini alikuwa na jambo lililomkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni, na hakuwa amemwambia mtu, hata Rispa. Kwa kazi yake alijua tofauti ya maiki iliyowaka na iliyozimwa. Iliyowaka, ukisema neno, unasikia kitu kikikurudia. Sasa yeye alipopiga magoti kuomba, hakuna kilichorudi. Aliomba kama fundi anayejaribu mitambo kwenye uwanja usio na watu: moja, mbili, moja, mbili, mnanisikia huko nyuma?

Angeendelea hivyo hadi uzeeni kama si Mzee Jethro. Jethro alikuwa mzee wa kanisa lao, Mgusii mfupi mwenye koti refu, na siku moja aliingia dukani akakaa juu ya spika bila kuulizwa.

"Ndugu Otiende, makambi ya mwaka huu ni Nyamira."

"Najua, Mzee. Si mimi naleta mitambo?"

"Mitambo utaleta. Lakini tumeamua sala ya ufunguzi ni yako. Unajua tunataka kukuwekea mikono uwe mzee wa kanisa, na watu lazima wakuone."

"Mzee, hapo Nyamira watu watakuwa kama nzige!"

"Ndiyo maana tunataka spika kubwa. Na nikwambie siri: ukichomeka maneno mawili matatu ya kwetu, ya Kigusii, hao kina mama watakubeba mabegani kama mwali."

Jethro akaenda zake, akamwacha Otiende anatoka jasho. Hakuogopa watu. Alichoogopa ni hiki: kwamba spika kubwa kuliko zote za eneo lile, tena za kwake mwenyewe, zitatangaza kitu kitupu, na wote watasikia kwamba ni kitupu. Na akishaumbuka hivyo, ataendeleaje kukaa kanisani?

Sasa sikia ya ua.

Nyuma ya nyumba aliyopanga Otiende palikuwa na ua mrefu wa michongoma, na ng'ambo ya ua aliishi Kwamboka, mwanamke fundi wa kushona sare za shule, mwenye cherehani pale soko la Daraja Mbili. Walisalimiana njiani tu, kwa kuwa Otiende hutoka mapema na kurudi giza limeingia. Asubuhi moja, siku chache baada ya maneno ya Jethro, alikuwa amesimama karibu na ua huo akipiga mswaki, na ndipo aliposikia sauti ya Kwamboka kutoka upande wa pili, taratibu, ya mtu aliye karibu sana na anayesema naye.

"Bwakire, baba."

Otiende alisimama na povu mdomoni. *Bwakire* alilijua, ni salamu ya asubuhi ya Wagusii, huwezi kuuza hata waya mjini Kisii bila kulijua. Na *baba*, nani asiyejua baba? Yaani mwanamke huyu alikuwa anamwamkia Mungu! Maisha yake yote Otiende alimsikia Mungu akiitwa Mwenyezi, Mfalme, Mwamba, Bwana wa majeshi. Hakuwahi kusikia mtu akimuuliza ameamkaje.

Sauti iliendelea kwa Kigusii cha ndani ambacho hakukielewa, na kila baada ya maneno machache lilirudi lile neno, *baba*, *baba*, mara kwa kubembeleza, mara kwa kunong'ona. Otiende akameza povu la dawa ya meno lote.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Akaanza kukusanya dalili. Kwanza, wakati wa sala hiyo kulisikika maji: yanamiminwa, yanachotwa, yanamiminwa tena. Ubatizo kila siku? Pili, kulikuwa na harufu ya uji wa wimbi, na Otiende, ambaye hakuwa amewahi kusikia Mkristo wa siku hizi akitoa sadaka ya kinywaji, akabaki anajikuna kichwa. Tatu, na hili lilimsimamisha nywele, Kwamboka alikuwa akisema kisha ananyamaza, na katika kunyamaza huko kulikuwa na sauti nyingine. Ilikuwa nyembamba mno, kama upepo kwenye majani makavu ya migomba, hata sikio lake la fundi halikuweza kuidaka. Lakini ilikuwapo. Mwanamke huyu alikuwa akisema na Mungu, na Mungu akijibu!

Siku moja Kwamboka akapandisha sauti. Alikaripia, waziwazi, jina la *baba* likiwa katikati ya karipio. Otiende aliinama akisubiri radi. Badala ya radi, ile sauti nyembamba ilicheka. Kwamboka naye akacheka.

Ndani ya nyumba, Rispa alikuwa na maswali yake.

"Baba Okinyi, hayo meno yataisha."

"Nayasafisha vizuri tu."

"Tangu lini? Na mbona lazima uyasafishie ndani ya michongoma? Umechanika sikio."

Kama angemuuliza Rispa, aliyewajua majirani wote, wakati huo, habari hii ingeishia hapa na jogoo angekuwa salama. Hakuuliza. Aliona haya, mwanamume mzima kuiba sala ya jirani. Wala hakutaka kujua maana ya maneno. Maana ya sala zake mwenyewe aliijua yote, neno kwa neno, na haikuwa imemfikisha popote. Haya asiyoyajua yalimtoa machozi hapo hapo uani, na povu la dawa ya meno.

Akayakariri. Sikio lake lilikuwa kama kinasa sauti. Alishika kila silabi, pale inapopanda na pale inapotua, hata ile pumzi kabla ya kukaripia. Dukani alivaa vipokea sauti vya kichwani visivyounganishwa popote, akawa anarudia kimoyomoyo, na wateja walidhani anajaribu bidhaa.

Wiki hiyohiyo mama yake, Aketch, mjane aliyebaki peke yake Kendu Bay, alipiga simu.

"Magoti yamekataa, mwanangu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Utakuja lini?"

"Baada ya makambi, Mama. Nimekutumia kitu kwenye simu, umeona?"

"Nimeona. Makambi ya mwaka jana pia ulisema baada ya makambi."

"Safari hii ni kweli."

"Haya," alisema Aketch, akakata yeye kwanza.

Siku ya makambi ikafika. Uwanja wa Nyamira ulijaa hadi watu wakakaa juu ya miti, na miti ilipojaa wakakaa juu ya wale waliokaa. Otiende alipanga spika zake kama minara. Wachuma majani chai waliokuwa mbali huko mabondeni walisikia Mzee Jethro akisafisha koo, wakamjibu, "Pole, Mzee."

Kisha Otiende akaitwa. Alipiga magoti jukwaani, akashika maiki, akafumba macho. Uwanja mzima ukainama.

"Bwakire, baba," alisema.

Uwanja ukaguna kwa mshangao mtamu. Mjaluo, tena kwa lafudhi ya nyumbani kabisa! Otiende aliusikia mguno huo, moyo ukampanda, akaachilia sala yote, kila silabi mahali pake, kwa sauti iliyojaa machozi ya kweli.

Hapa inafaa wasio Wagusii waambiwe jambo ambalo Otiende peke yake uwanjani pale hakulijua. Kwa Kigusii, baba mzazi ni *tata*. *Baba* ni mama.

Na sala yenyewe, iliyotangazwa Nyamira nzima na mabonde yake, ikigeuzwa Kiswahili ni hii:

"Umeamkaje, Mama? Mgongo ulikuachia ukalala? Lete mguu. Si huo, ule mwingine. Tulia, maji si ya moto. Hee, kucha hizi! Kesho nitazikata. Haya, kunywa uji. Kunywa, Mama. Na ukinitemea tena leo nitaunywa mimi! Unacheka? Cheka tu. Nani kama wewe, Mama? Nani kama wewe?"

Aliposema "lete mguu," bibi mmoja wa safu ya mbele, aliyekuwa amefumba macho kwa ibada, alinyoosha mguu. Aliposema "si huo, ule mwingine," akaurudisha, akanyoosha wa pili. Upande wa vijana kicheko kilianza kufukuta kama moto wa makapi. Lakini hakikufika mbali, kwa sababu kina mama wa makamo, wale wenye wazazi nyumbani, walikuwa wanalia. Walilia bila kujificha, leso usoni. Mwanamume mmoja mwenye tai alitoka nje ya uwanja akipiga simu.

"Amina," alimaliza Otiende, neno pekee aliloliongeza mwenyewe.

"AMINA!" uwanja uliitikia, hata maiki ikapiga mluzi.

Otiende alisimama uso unang'aa. Jethro alimsogelea, akafunika maiki kwa kiganja, akamnong'oneza kwa sekunde chache tu. Uso ule ulizimika kama taa iliyokatiwa umeme.

Alishuka jukwaani akaenda kujificha nyuma ya jenereta. Huko ndiko Kwamboka alikomkuta. Alikuwa amekuja makambi na kwaya ya kina mama, amevaa skafu ya kwaya, na alisimama mbele yake mikono kiunoni.

"Fundi. Ulikuwa unanisikiliza kwa ua?"

"Nisamehe, dada. Nilidhani unaomba."

"Kuomba! Asubuhi hiyo nina beseni mkononi na mama amekataa uji, naomba saa ngapi?"

"Sikujua una mama pale."

"Hatembei. Angetoka wapi umwone?" Kwamboka alitaka kuendelea kukasirika, lakini kitu kilimkamata. "Ati 'ukinitemea nitaunywa mimi.' Mbele ya mchungaji! Mama akisikia hii atapona."

Otiende hakucheka. "Dada, basi niambie. Unaomba saa ngapi?"

"Kwani wewe ni nani, polisi wa sala?"

"Nataka kujua tu. Kwa kweli nataka kujua."

Kwamboka alimtazama akaona mtu huyu haulizi ili kujitetea. Akakaa juu ya kasha la waya.

"Nikimaliza kumwosha huwa mgongo umeisha. Namwaga maji kwa migomba. Halafu namwambia Mungu, 'Umeona.' Basi. Natafuta viatu naenda cherehani."

"'Umeona' tu?"

"Si ameona? Nimwongezee nini?"

Jenereta ikanguruma kati yao. Kisha Kwamboka akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Na wewe, fundi, wako anaoshwa na nani?"

"Huwa namtumia kwa simu."

"Simu ina mikono?"

Otiende alimwachia Jethro mitambo yote, pamoja na agizo moja: asiguse kitufe chochote. Jioni hiyohiyo alikuwa Kendu Bay.

Aketch alimpokea kwa mashaka. Asubuhi, alipomwona mwanawe anaingia chumbani na beseni, sabuni na taulo begani, mashaka yakawa hofu.

"Umeamkaje, Mama?"

"Unataka kuuza shamba?"

"Hapana, Mama. Lete mguu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Lete mguu."

Aketch alitoa mguu polepole, macho kwake.

"Si huo," alisema Otiende, kwa maana alikuwa ameona goti lililovimba. "Ule mwingine."

Akaosha. Hakuwa mjuzi, alimwaga maji hadi mkekani, na sabuni ilimponyoka ikaingia uvunguni. Nyayo za mama yake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na hakuwa amezigusa tangu, kusema kweli, hakuwa amezigusa maishani. Alikuwa ameandaa sala ndefu njiani. Ikamtoka kichwani yote. Alichoweza kusema ni neno moja, "Umeona."

Na hapo kitu kikarudi! Alikisikia wazi, kama maiki iliyowaka. Na sekunde hiyohiyo, kule Nyamira, jenereta ikiwa imezimwa na waya zimechomolewa, spika zote za Otiende zilifunguka zenyewe zikasema kwa pamoja, taratibu, mara moja tu: "Amina." Mzee Jethro alianguka kutoka kwenye kiti.

Msimulizi alipofika hapo alishusha karatasi zake, kama ilivyo desturi, apewe sifa zake. Alikuwa anaisoma habari hii kwa sauti uani kwa Kwamboka, alasiri ya juzi, mbele ya wenyewe wote. Ule ua wa michongoma sasa una mlango. Otiende aliukata mwenyewe alipomleta Aketch kuishi Kisii. Aketch na Bochaberi, mama yake Kwamboka, hukaa hapo juani kila siku, mmoja kwa Kijaluo na mwingine kwa Kigusii, na hawajawahi kukosa la kubishania.

Sifa hazikuja. Kwamboka alikuwa anapindapinda kipande cha uzi.

"Jogoo," alisema.

"Jogoo gani?" msimulizi akauliza.

"Yule wa kwanza. Uliyemwapia."

"Uongo uko wapi? Utaje!"

"Asubuhi hiyo nilikuwa Nyamira, mzee wangu, mama nimemwachia dada yangu, nimekaa chini ya hizo spika. Mvua ilikuwa inanyesha, zimefunikwa turubai. Hazikusema kitu. Na Mzee Jethro hakuanguka, alikuwa amelala."

"Hilo ni dogo. Ni pambo tu," msimulizi alijitetea.

"Ulisema punje ya wimbi."

"Na la bibi wa mguu? Hilo nalo uongo?"

"La mguu ni kweli. Alikuwa mama mkwe wangu."

Msimulizi akamgeukia Otiende kutafuta shahidi. "Fundi, waambie hawa. Kule Kendu Bay hukusikia kitu kikirudi?"

Otiende alikuna sikio lake lile lenye kovu la michongoma. "Hakuna kilichorudi, Mzee."

Hata Rispa, aliyekuwa anamenya ndizi, aliacha kisu hewani.

"Nilisema 'umeona,' nikasubiri," Otiende aliendelea. "Mama akaniambia maji yamepoa, niongeze ya moto. Nikaenda kuongeza."

"Basi?"

"Basi. Yalikuwa yamepoa kweli."

"Na sasa ukiomba?" Rispa aliuliza, na ilionekana ni swali alilokuwa amelitunza siku nyingi. "Inasikika?"

"Sijui, Mama Okinyi. Niliacha kujaribu mitambo. Siku hizi nasema tu."

Zamu ikarudi kwa msimulizi. Alitazama karatasi zake, akatazama barabara ya kwenda Keumbu, akaona kwamba amekamatwa na hakuna pa kutokea. Jana akamleta jogoo, chini ya kwapa, amefungwa kwa gazeti ili asione anakopelekwa. Kwamboka alimpokea akamkabidhi Bochaberi, maana yeye ndiye mwenye kamba.

Bibi wawili wakamweka kati yao. Aketch akambana mbawa. Bochaberi akatengeneza kitanzi, akainamisha uso karibu na upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo, akamwambia taratibu, kwa Kigusii, "Lete mguu."

Jogoo akatoa.

"Si huo," Aketch akamwambia, kwa Kigusii hichohicho. "Ule mwingine."